Nilimwambia Mtoto Anarudi

Katika miaka mitatu na ushei niliyofagia kumbi za sinema Dubai, niliona miisho ya filamu nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sikuwahi kuona mwanzo hata wa moja.

Kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa. Filamu ikibakiza dakika saba au nane, sisi wafagiaji tunaingia kwa mlango wa nyuma, tunajibanza ukutani gizani na mifagio na mifuko yetu ya taka, tunangoja majina ya waigizaji yaanze kupanda kwenye skrini. Taa zikiwaka tu, msimamizi anapiga makofi, "Yalla, yalla," na tunakuwa na robo saa ya kuokota bisi, vikombe, tishu, na wakati mwingine kiatu cha mtoto, kabla watu wa onyesho linalofuata hawajaingia. Kwa hiyo nilihudhuria harusi za watu nisiojua walipendana vipi. Nilisimama kwenye mazishi ya watu nisiojua walikufa kwa nini. Nilifurahi majambazi walipotiwa pingu, na mpaka leo sijui waliiba nini.

Nilipenda, siwezi kusema uongo. Mtu katoka Tanga kwa mkataba wa usafi, analala chumba cha wanawake sita pale Karama, halafu anapewa dakika saba za filamu mara tano kwa siku bila tiketi, si haba. Mianzo nilijitungia mwenyewe. Nikirudi chumbani namsimulia mwenzangu wa kitanda cha chini, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa akiuza manukato dukani, filamu nzima kuanzia kichwani mwangu mpaka kwenye ule mwisho niliouona kwa macho. Alikuwa akinicheka sana. "Wewe ni mrongo," ananiambia, "lakini urongo wako mtamu. Endelea."

Chini ya jengo letu palikuwa na mgahawa mdogo wa chai. Wateja wake wengi walikuwa madereva na wauza maduka kutoka Kerala, kule kusini mwa India, na mchemsha chai alikuwa mzee wa huko huko, Muislamu mwenye ndevu fupi nyeupe na kovu la maziwa ya moto mkononi. Wateja walimwita Ikka, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao ya Kimalayalam, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita mole, binti yangu. Tulizungumza ile lugha ya Ghuba isiyo na mwenyewe: neno la Kihindi, neno la Kiarabu, neno la Kiingereza, na mikono inamalizia. Nilipougua homa mwaka wangu wa kwanza, alinipandishia uji wa mchele wa chumvi siku nne mfululizo, anagonga mlango na kuliacha bakuli sakafuni, maana chumba ni cha wanawake. Tangu hapo nikamhesabu mzazi.

Jambo moja tu lilikuwa likinishangaza kwake. Wateja wakianza habari za kwao, nani kachoma nini, watu wa dini gani wamewapiga wenzao na katika mji gani, Ikka anashika kijiko na kugonga birika mpaka hawasikilizani. "Chai," anasema. "Hapa chai tu." Nilidhani ni uzee. Wazee wengine hawapendi kelele.

Siku moja akaniambia mkewe anakuja kumtembelea, kwa viza ya siku thelathini. Ikka alikuwa amekaa Dubai miaka ishirini na saba, akienda likizo kila baada ya miaka miwili, na mkewe hajawahi kufika. Nikampongeza. Nikamtania kwamba sasa atalazimika kupaka ndevu hina. Hakucheka. Aliweka kikombe changu mezani akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia, kwamba walikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume na alikufa miaka minne iliyopita.

"Homa," alisema, akageuza uso kwenye birika. "Tangu hapo nikimpigia simu mke wangu ananijibu ndiyo na hapana. Umekula? Ndiyo. Unaumwa? Hapana. Hata nikienda likizo ni hivyo hivyo, tunakaa nyumba moja, ndiyo na hapana. Miaka minne, mole. Mkataba wangu unaisha, nataka nirudi nyumbani moja kwa moja. Lakini nitarudi kwa nani?" Akafuta meza iliyokuwa safi. "Nina siku thelathini. Nataka nimsikie akicheka. Mara moja tu. Akicheka nitajua nina pa kurudi."

Mkewe alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mtandio mweupe uliopigwa pasi mpaka ukakakamaa, na macho ya kuangalia chini. Nilimwamkia kwa salamu ya dini, akaitikia, akanishika kidevu, basi. Ikka alihangaika naye mpaka nikamwonea huruma. Alimpeleka kwenye chemchemi zinazocheza muziki. Alimpeleka soko la dhahabu. Alimpandisha treni kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho, wakakaa mbele kabisa kwenye kioo kama watoto. Kila jioni nikishuka kunywa chai namuuliza kwa macho, naye anatikisa kichwa. Siku moja alimsimamisha chini ya jengo refu kuliko yote duniani. Mama wa watu akaliangalia mpaka juu, akaliangalia mpaka chini, akauliza, "Sasa twende?"

Siku ya kumi na tisa Ikka akaniita kabla sijaagiza chai.

"Zamani mke wangu alikuwa anapenda filamu kuliko chakula," akasema. "Wewe unafanya kazi mle ndani. Filamu za kwetu zipo? Ipi ina mwisho mzuri? Nawasikia hawa wa chai wanabishana, lakini mimi siwasikilizi, unajua. Niambie wewe. Sitaki atoke analia."

Filamu za Kimalayalam zilikuwa mbili wiki ile. Moja mwisho wake ni watu wazima wanatumbukizana mtoni na kucheka. Ya pili nilikuwa nimesimama kwenye mwisho wake siku kumi, mara tatu kwa siku, na kila mara nilitoa machozi, machozi mazuri. Mama mzee wa Kiislamu amekaa kizingitini mwa nyumba ya vigae. Kijana mwembamba anakuja kwa mbali, begi begani, anasita getini. Mama anamwangalia muda mrefu sana. Kisha anaingia ndani, anatoka na sahani ya wali, anaketi, anatengeneza tonge, anamlisha yule kijana kwa mkono wake. Kijana analia huku anatafuna. Hakuna anayesema neno. Filamu inaisha hapo.

Mimi nilimwacha mwanangu Tanga ana miaka minne. Wakati ule alikuwa na saba, analelewa na mama yangu, na kwenye simu alikuwa ameanza kuniita "shangazi" kisha anajirekebisha. Kila nikiuona ule mwisho nilimwona yeye amekua, anakuja na begi, nami nipo kizingitini na sahani. Kwa hiyo nataka iandikwe wazi hapa: sikumchagulia Ikka filamu. Nilijichagulia mimi, nikampa yeye.

Na ulimi wa kuuliza nilikuwa nao. Kijana wa kuendesha mitambo ya filamu alikuwa mtu wa Kerala. Kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, na Kiingereza changu cha shule kingenifikisha. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua.

"Ile ya pili," nikamwambia. "Mwisho wake mzuri sana, Ikka. Mtoto anarudi kwa mama yake."

Akafunika birika. Nikakumbuka mtoto wao aliyekufa, nikaona haya, nikataka kumwambia aende hiyo nyingine ya mtoni. Lakini akauliza taratibu, "Anarudi?"

"Anarudi. Na mama yake anamlisha kwa mkono."

"Basi hiyo," akasema Ikka. "Arudi hata wa kwenye filamu."

Nilimwomba msimamizi tiketi mbili za wafanyakazi, akanipa kwa kunung'unika. Wakaenda Ijumaa, baada ya sala. Niliwaona wakiingia ukumbini, Ikka kavaa shati la kunyooshwa, mkewe kashika pakiti ya bisi kwa mikono miwili kana kwamba kapewa mtoto wa mtu. Nikampungia Ikka mkono, nikaenda kufagia ukumbi mwingine. Siku hiyo nilifanya kazi naimba.

Nilipoingia kwa mlango wa nyuma na mfuko wangu, filamu ilikuwa imefika pale pale ninapopajua. Mama kizingitini. Kijana getini. Safari hii sikuangalia skrini, nilimtafuta mke wa Ikka. Walikuwa safu ya tatu kutoka nyuma, karibu nami kabisa. Niliona mtandio wake mweupe, umenyooka, hautikisiki. Mama wa kwenye skrini akaingia ndani, akatoka na sahani, akatengeneza tonge.

Mke wa Ikka akasimama.

Alipiga kelele. Sauti ilitoka kwa mtu yule mfupi wa ndiyo na hapana, ikajaza ukumbi wote. Maneno yale yale mara tatu, huku ananyoosha kidole kwenye skrini. Mtu akasema shii, kisha naye akanyamaza, ukumbi mzima ukanyamaza. Wengi mle walikuwa wa Kerala, walielewa. Mimi tu na mwenzangu wa mfagio ndio hatukuelewa. Kisha akamgeukia mumewe na kumwambia jambo fupi, kwa sauti ya chini, na Ikka akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Taa zikawaka. Msimamizi akapiga makofi. Nilifagia. Mpaka leo siku nikikasirika na nafsi yangu, hilo ndilo ninalojikumbusha: mwanamke anashuka ngazi kwa kushikilia viti, mzee anamfuata nyuma kama aliyepigwa, nami nafagia bisi, kwa sababu robo saa ni robo saa.

Jioni nilimweleza mwenzangu wa Mombasa. Hakunicheka. Alimpigia simu mwenziwe wa dukani, binti wa Kerala aliyekuwa ameiona ile filamu, akasikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Alipokata simu alikaa kitandani mwangu.

"Yule kijana si mwanawe," akaniambia.

"Si mwanawe vipi?"

"Mwanawe aliuawa. Alikuwa mwoka mikate mji wa mbali, akiishi na rafikiye wa dini nyingine, wakila sahani moja. Kukazuka vurugu za dini, watu wakaja kuwatafuta Waislamu nyumba kwa nyumba. Yule rafiki, kwa uoga, ndiye aliyewaonyesha mlango wa nyuma. Mwanawe haonekani tena. Mamake yuwazunguka hospitali na vituo vya polisi, na kila mahali haulizwi mwanawe alifanywa nini, aulizwa alifanya nini. Mwaka baada ya mwaka. Huyo anayemlisha mwisho ni yule rafiki, katoka jela."

Nikasema sikujua. Nilisema hivyo mara nyingi.

"Najua hukujua," akasema. "Wewe ukiona kijana yuwaja kwa mama, washika tu kuwa ni mwanawe. Kwenu hamjayaona. Kwetu mtu hutoka msikitini akapotea, na mamake akienda kuuliza, yeye ndiye aulizwaye maswali. Mimi ningeuliza kwanza, huyu kijana ni nani."

Iliniuma kwa kuwa ni kweli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mkristo mpaka anazikwa, na waliobeba jeneza lake nusu walikuwa na kofia za Kiislamu. Krismasi tulikula kwake, Idi alikula kwetu. Nimekulia mahali ambapo mlango wa nyuma ni wa kupitishia pilau ya jirani. Neema hiyo ndiyo iliyonipofusha.

Siku mbili Ikka hakuja kazini. Mtu mwingine alichemsha chai, maji matupu, wateja wakawa wanaacha vikombe nusu. Siku ya tatu nikamkuta. Nilisimama kaunta. "Ikka, nisamehe," nikamwambia. "Ile filamu sikuwahi kuiona. Mimi naona miisho tu. Nilikudanganya bila kujua."

Akazima jiko. Sijawahi kumwona akizima jiko mchana.

"Mimi nilikudanganya nikijua," akasema. "Mwanangu hakufa kwa homa."

Alinisimulia amesimama, ananiangalia mabegani, si usoni. Mwanawe alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikwenda mji wa mbali kutengeneza baiskeli. Siku moja watu wa dini mbili waligombana upande mwingine wa mji, kwa jambo ambalo yeye hakulijua hata lilipomfikia. Walimkuta anaziba pancha.

"Kwa nini ulisema homa?" nikamuuliza.

"Ukisema homa, mtu anasema Mungu amrehemu. Ukisema ameuawa na kundi la watu, neno la kwanza mtu anauliza nani alianza. Hapa hapa kaunta, watu wetu wenyewe, wanauliza nani alianza. Mwanangu hakuanza kitu. Alikuwa anaziba pancha." Akapindua kikombe kwenye sinia. "Nimechoka kumtetea maiti, mole. Nikampa homa apumzike."

Nikalia pale pale mbele ya madereva. Sikujali. Kisha akaniambia lile ambalo sijui kama nitalisahau.

"Walipoanza kuvunja milango kwenye filamu, mke wangu alinishika mkono, alitaka tutoke. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia, subiri, mtoto anarudi, yule binti wa humu ndani kaniambia. Basi akasubiri. Mama yule anazunguka hospitali, na mke wangu anasubiri. Alisubiri saa nzima, mole. Alipomwona mtu getini akaniminya mkono, na mara akaona si yeye."

"Alisema nini pale aliposimama?"

"Alimwambia yule mama, usimlishe. Usimlishe wali wa mwanangu."

"Na wewe alikuambia nini?"

Ikka aliwasha jiko, akalizima tena. "Aliniambia, wewe hata hukumzika." Pasipoti yake ilikuwa kwa arbab, yaani tajiri wake, na arbab alikuwa safarini. Mazishi aliyasikiliza kwa simu, kaegemea mapipa ya maziwa nyuma ya mgahawa. Mtu wa kwao alisogeza simu karibu na kaburi, naye Ikka akausikia udongo ukimwagwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi mzazi niliyedhani najua, nilisimama pale sina hata pole ya kutoa. Pole ni neno dogo sana. Lakini nikalitoa hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa sababu Kihindi changu kilikuwa kimeniishia.

"Lakini sasa anaongea," Ikka akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama ashukuru au alie. "Tangu Ijumaa. Ananigombeza. Yote ya miaka minne, mpaka pilipili nilizosahau kununua mwaka wa kwanza. Nimekaa siku mbili namsikiliza, ndiyo maana sikuja. Na amenituma kwako. Anataka kurudi kule."

Nilidhani sikuelewa. "Kule wapi?"

"Kwenye filamu. Anataka ule mwanzo tu. Anasema yule mtoto wa kwenye filamu, akiingia nyumbani, anavua ndala kwa kuzirusha, moja huku moja kule. Wetu alikuwa hivyo hivyo. Kila siku alipigiwa kelele kwa hizo ndala. Anataka aone pale, na pale mama anapomgombeza, halafu tutoke kabla watu hawajaja. Mimi sikumbuki wanakuja saa ngapi. Wewe utatuangalizia."

Safari hii niliuliza. Nilimfuata yule kijana wa mitambo, nikamweleza, akafikiri, akarudisha filamu kwenye mashine yake, akanipa jibu kamili: dakika ya hamsini na mbili. Kijana anaosha unga mikononi, kelele zinaanza mbali. Hapo muwe mmeshatoka, akasema. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu.

Tulikwenda Jumanne, siku yangu ya mapumziko, onyesho la saa saba mchana. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mke wa Ikka alikaa katikati, mimi na mzee huku na huku. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye vile viti, baada ya miaka yote hiyo ya kuvipangusa, na mara yangu ya kwanza kuona taa zikizimwa badala ya kuwashwa. Saa yangu niliiweka pajani.

Kijana aliingia nyumbani. Ndala moja ikaenda mlangoni, nyingine ikatua kwenye chungu cha maua. Mama wa kwenye filamu akatoka na mwiko mkononi.

Mke wa Ikka akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, cha kushtukiza, kama kwikwi. Nikamwangalia Ikka. Alikuwa anatazama mbele tu, hageuki, amekamata mkono wa kiti kwa nguvu, ameogopa akigeuka kicheko kitakimbia. Mkewe akacheka tena, mwiko ulipomfikia kijana mgongoni. Kisha akaanza kuzungumza na skrini kwa sauti ya chini. Ananyoosha kidole, ananigusa goti, ananieleza mimi nisiyejua lugha yake, na nilielewa kila kitu: hivi ndivyo alivyokuwa anakula, hivi ndivyo alivyokuwa akinisumbua, tazama, tazama anavyojibu. Ndevu za Ikka zilikuwa zimelowa. Nikawaza, amempata. Siku ya ishirini na tano, amempata.

Kijana akasafiri. Akaanza kazi kwenye mikate. Rafiki yake akaja, wakala sahani moja, wakagombania kipande cha samaki. Nilikuwa nimeshamchukia yule rafiki kabla hajafanya kitu. Dakika arobaini na tano. Arobaini na tisa. Ilipofika hamsini nikamnyooshea Ikka mkono kwa nyuma ya kiti, nikamgusa bega. Akainama kwa mkewe, akamnong'oneza.

Mkewe akatikisa kichwa.

Ikka akanong'ona tena, kwa kusihi. Mimi nilikuwa nimeshasimama, mkoba begani. Kwenye skrini kijana aliingiza mikono kwenye beseni, maji yakageuka meupe kwa unga, na nje, mbali, sauti za watu zikaanza. Ikka naye akasimama. Akamshika mkewe kiwiko. Yule mama hakuondoa macho kwa kijana. Alisema maneno machache, na Ikka alinigeuzia uso.

"Anasema mwanetu siku ile alikuwa peke yake," akaniambia. "Anasema leo hatoki."

Alibaki vile vile, amesimama nusu, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele, mzee wa miaka ishirini na saba ya Dubai. Mkewe akanyoosha mkono gizani, akaushika upindo wa shati lake, akauvuta chini. Alimwambia neno moja. Neno hilo nilikuwa nalijua, wateja wa mgahawa huambiana kila siku kiti kikiwa wazi. Kaa.

Ikka akakaa. Nami nikakaa. Watu walipofika na kuanza kuugonga ule mlango, mke wa Ikka alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, mkono wa mumewe umefungwa ndani ya mikono yake, anamwambia yule kijana maneno taratibu, bila kukatiza, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.